Moshi mweusi wa pikapu sio nguvu, na tusisingizie gia boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hizi pikapu za dizeli zilizochezewa zinazomwaga moshi mweusi huku kwetu Mbeya. Mi ni mmiliki na dereva, barabara ya Uyole kwenda Tukuyu naipita karibu kila siku, nabeba viazi kutoka Isyonje na msimu wa parachichi nashuka mpaka Rungwe, kwa hiyo sisemi vya kuhadithiwa. Na naanza na gari yangu mwenyewe kabla sijagusa ya mtu mwingine.

Mwaka jana mwezi wa saba, asubuhi kama saa moja na nusu, baridi ile ya kwetu mnayoijua, nilikuwa napandisha kutoka Igawilo nimebeba mifuko 20 ya saruji, yani tani nzima. Pembeni ya barabara wanafunzi wanapanda mlima kwenda shule, mashati meupe, masweta wamefunga kiunoni. Gari ikaanza kuelemewa, nikashusha kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, nikaachia klachi nikakanyaga mafuta mpaka chini kama nilivyozoea. Nikaangalia kioo cha pembeni siwaoni wale watoto. Sio kwamba nimewaacha mbali, hapana, walikuwa palepale ila moshi umewafunika wote.

Nikasimama mbele kidogo kwa mama mmoja anayeuza vitumbua. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, angalia ulichofanya," akanionyesha beseni lake la unga uliokandwa, juu yake kuna vidoa vyeusi vidogo vidogo kama mbegu za bizari, alikuwa amelifunua dakika ileile. Halafu akaja binti mdogo wa darasa la tatu au la nne hivi, anakohoa, kwenye kola ya shati kuna masizi, akajaribu kuyafuta kwa kidole yakajipaka yakawa mstari mrefu mweusi mpaka kwenye kifungo. Alikuwa anataka kulia kwa sababu ya shati, maana mwalimu wa zamu ataangalia usafi. Ule mstari kwenye kola sijausahau mpaka leo na ndio unaoniandikisha hii barua.

Sasa gari yangu ilifikaje huko. Ni Hilux hizi tunazoita Vigo, injini ya lita 3 yenye turbo, gia za mkono, manyuo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye ana Vigo injini ileile ila ya kwake ni oto, gia inajibadilisha yenyewe. Tulizipata zikiwa mitumba zote mbili zikiwa na hali nzuri, moshi hamna. Tatizo lililotusumbua ni lile la kila mtu wa nyanda za juu, kwamba gari ukiitoa Dar inapiga kazi vizuri ukifika nayo huku inakuwa nzito. Fundi mmoja hapa mjini, jina namhifadhi, akatuambia dawa ipo, kuna kisanduku kinafungwa kwenye mfumo wa mafuta gari inakuwa nyepesi kama imetoka kiwandani jana. Tukafunga siku moja, visanduku vya aina moja, akavipandisha namba ya juu vyote viwili, akatoa na masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi, akaweka bomba tupu, tukalipa tukaondoka tumefurahi.

Kweli gari zilivuta. Hilo sitalificha, siku za kwanza nilikuwa napandisha Isyonje nimebeba mzigo nacheka peke yangu. Ila yangu ikawa kila nikibadilisha gia inatema wingu jeusi, ya shemeji inatoa kidogo tu wakati wa kuondoka halafu inanyooka safi. Tukabishana sana nyumbani. Shem anasema, "Shem, tatizo ni manyuo, ungenunua oto kama mimi." Kijiweni nako vijana wakasema hapana, moshi mwingi maana yake injini ya shemeji yako imelala, ya kwako ndio ina nguvu. Wote walikosea, na mi nimetumia karibu mwaka mzima kuuliza mafundi wa pampu, kusoma na kujaribu mwenyewe barabarani mpaka nimeelewa, ndio maana nataka nielezee taratibu kwa sababu naona wenzangu wengi wanadanganywa palepale nilipodanganywa.

Dizeli ili iungue yote inahitaji hewa nyingi sana, kilo 1 ya dizeli inataka kama kilo 14 na nusu za hewa kwa hesabu ya kitaalamu, na kwenye injini yenyewe inataka zaidi ya hapo kwa sababu mafuta na hewa hazipati muda wa kuchanganyika sawasawa, ukishuka chini ya kilo 18 hivi moshi mweusi unaanza kuonekana. Ule weusi ni kaboni, ni mafuta yaliyokosa hewa yakaishia njiani. Umeyanunua kwa hela yako pale sheli, yamepita kwenye nozo, ile inayopulizia mafuta ndani ya injini, halafu yametoka kwenye eksozi bila kumaliza kazi. (Sisemi moshi wa bluu, huo ni oili inaungua, wala moshi mweupe asubuhi ya baridi au wa hedi iliyopasuka maji yanaingia, hayo ni magonjwa mengine kabisa.) Kwa hiyo mtu akikwambia moshi mweusi ndio nguvu mwambie nguvu ni ile iliyoungua ndani, hiyo ya nje imekimbia.

Sasa huku kwetu hewa yenyewe ni haba. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar, ukipanda Isyonje juu ya mita 2,000 unapungua tena, unakaribia kupoteza robo. Ndio maana injini isiyo na turbo inachoka huku. Yenye turbo inajisaidia kwa sababu turbo inasukuma hewa kwa nguvu, ila inasukuma ikiwa imeshazunguka, na inazungushwa na moshi wenyewe unaotoka kwenye injini. Injini ikiwa chini, mizunguko 1,200 au 1,300 kwa dakika, turbo imelala, na ukimwaga mafuta hapo hamna hewa ya kuyaunguza. Kwa maana hiyo ule uzito tunaoulalamikia ni upungufu wa hewa, na yule fundi alitutibu kwa kuongeza mafuta. Mgonjwa anakosa pumzi unamlisha ugali.

Kiwanda kilishaliona hilo. Kompyuta ya gari inapima hewa inayoingia kwanza halafu inatoa mafuta kulingana na hiyo hewa, hewa ikiwa kidogo inabana mafuta hata kama wewe umekanyaga mpaka mwisho. Kile kisanduku kazi yake ni kuidanganya kompyuta. Kinakaa kwenye waya wa sensa inayopima presha ya mafuta, kinaiambia presha ni ndogo wakati iko sawa, kompyuta inaongeza presha, kila nozo ikifunguka inatoa mafuta mengi kuliko kompyuta inavyojua. Hesabu yote ya hewa na mafuta inavurugika. Na kwenye pampu za zamani ni hivyohivyo, pampu nyingi za injini za turbo zina kifuniko juu chenye mpira ndani unaosukumwa na upepo wa turbo, upepo ukiwa mdogo unazuia mafuta, fundi anakuja anazungusha pale au anasaga kile kipini cha ndani mafuta yanapita tu muda wote. Nimeona kwa macho, inachukua nusu saa, bisibisi na spana.

Hapo ndio tunarudi kwenye ubishi wa mi na shem, oto na manyuo. Kwenye manyuo kila unapobadilisha gia lazima uondoe mguu kwenye mafuta ukanyage klachi. Ile sekunde moja au mbili ya kuondoa mguu, moshi wa kuzungusha turbo unakatika, turbo inapungua kasi. Unaachia klachi unakanyaga tena, mafuta yanafika papo hapo maana nozo haina subira, ila hewa inachelewa mpaka turbo izunguke upya. Katikati hapo ndio lile wingu linatoka. Kwa mtu anayepandisha kilima chenye kona anabadilisha gia mara kumi, basi ni mawingu kumi. Na sisi wa manyuo tuna tabia nyingine mbaya, kung'ang'ania gia kubwa mlimani injini inatetemeka iko chini kabisa, tukiamini tunabana mafuta, kumbe hapo ndipo inapokosa hewa zaidi kuliko popote.

Oto haiachi. Mguu wako unabaki kwenye mafuta muda wote, gia inajibadilisha huku injini inaendelea kuvuta, turbo haipati nafasi ya kulala. Na wakati wa kuondoka, kati ya injini na gia boksi kuna konveta, kile kikombe cha mafuta badala ya klachi, kinaruhusu injini ipande mizunguko haraka hata kabla gari haijasogea vizuri, turbo inaamka mapema. Ndio maana ya shem ilikuwa inatoa mara moja tu wakati wa kuondoka. Mafuta yaliyozidi yalikuwa yaleyale. Gia boksi ilikuwa inaamua tu moshi utoke saa ngapi na kwa wingi gani kwa mpigo.

Nikamwelewesha shem hivyo akakataa, akaona nina wivu na gari yake. Sikufurahi yaliyomkuta. Alikuwa anarudi kutoka Dar amejaza bidhaa za duka, gari imekaa chini kabisa, akafika Kitonga mchana jua kali, akiwa nyuma ya malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nafasi ya kupita hamna. Mnaijua Kitonga, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja korongo upande mwingine. Oto ikiwa kwenye mwendo mdogo na mzigo mkubwa ile konveta inateleza muda wote, haifungi, na kuteleza kwote kunageuka joto kwenye mafuta ya gia boksi. Mafuta hayo yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 80 mpaka 90 hivi, yakipita 120 yanachoka haraka sana, na kadiri unavyoongeza nguvu ya injini kwa kisanduku ndivyo unavyoongeza joto pale, wakati gia boksi na rejeta yake ndogo ya kupoza ni vilevile vya kiwandani. Shem anasema alianza kusikia injini inapanda mizunguko gari haisogei, kisha harufu. Alipochomoa stiki ya kupimia, mafuta yaliyotakiwa kuwa mekundu yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili, yananuka kama kitu kimeunguzwa jikoni. Alilala Ilula na mzigo wa watu ndani ya gari, kesho yake akavutwa mpaka Ipogolo. Zile klachi za ndani za oto zilikuwa zimeisha. Aliuza ng'ombe wawili kulipia ukarabati.

Kwa hiyo moshi wa kwake ulikuwa mdogo na hasara ikawa kubwa kuliko yangu. Mi klachi ilianza kuteleza tu nikabadilisha mapema. Ukichezea injini, ile nguvu lazima ipite kwenye gia boksi, na kila aina ya gia boksi inateseka kwa namna yake, hili mafundi wetu hawalisemi kabisa wakati wa kupokea hela. Wenyewe watengenezaji wanalijua. Chukua mfano wa zile pikapu za Marekani, Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, za mwaka 1996 mpaka 1998, injini moja ila ya oto walitoa nguvu farasi 180 na ya gia za mkono farasi 215. Walipunguza mafuta makusudi kwa sababu oto ya wakati ule isingebeba. Kiwanda kizima chenye wahandisi kimeona hizi gari mbili haziwezi kupewa mafuta sawa, sisi fundi wetu anatufungia namba moja wote mchana mmoja bila hata kuuliza unabeba nini unapanda wapi.

Na hukohuko Marekani ndiko tabia ya kutoa moshi makusudi ilikoshamiri, vijana wanafungua mafuta ili wamwage moshi barabarani kwa sifa, wanamwagia waendesha baiskeli na magari madogo. Mwaka 2015 jimbo la New Jersey likapitisha sheria ya kukataza jambo hilo waziwazi. Nataja hili kwa sababu video zinawafikia vijana wetu, nimewaona pale Mwanjelwa jioni wanasimama na pikapu zimeinuliwa wanapiga resi eksozi ikielekea upande wa wauza matunda, watu wanaziba pua na kanga. Wale akina mama wanakaa pale kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Niseme pia kwa wenzangu wenye Land Cruiser mkonga, hasa wanaopanda Kawetere kwenda Chunya kwenye machimbo, maana huko ndiko naona turbo za kuongezea zimekuwa nyingi. Ile injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, kiwandani haikuwekewa turbo. Ni injini ngumu, inaheshimika, na ukiwekewa turbo kwa ustaarabu na fundi anayejua kupima joto la eksozi inaweza kukusaidia kweli kwa mlima kama ule kwa sababu unaongeza hewa. Shida ni pale fundi anapoongeza turbo halafu anafungua na pampu mpaka moshi uonekane, ndio kipimo chake, akiona moshi anasema sasa imekubali. Kuna kitu mafundi wa petroli wanachanganya hapa. Injini ya petroli ukiizidishia mafuta kidogo inapoa, ya dizeli ukiizidishia mafuta ndio joto linapanda, na pistoni zake ni za aluminiamu, inayoyeyuka karibu nyuzi 660. Ukishikilia mafuta chini dakika kumi mlimani na moshi mweusi unamwagika nyuma, jua huko ndani kuna kitu kinaiva. Hedi zinapasuka, pistoni zinatoboka, mwenye gari anaambiwa "ni bahati mbaya, vyuma vya siku hizi feki".

Mhariri, kuhusu afya sitaki kutisha watu ila sitaki pia kunyamaza. Mwaka 2012 mwezi wa sita lile shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililopo Lyon, Ufaransa, chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu, ndipo ilipo sigara. Chembe zake nyingi ni ndogo mno, unywele wa binadamu ni mnene mara nyingi kuliko hizo chembe, kwa hiyo haziishii puani, zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu. Masizi niliyoyaona kwenye kola ya yule binti yalikuwa yale makubwa yanayoonekana. Yasiyoonekana aliyavuta. Na mji wetu umekaa bondeni, mlima Loleza upande huu, milima mingine upande ule, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba hewa ya baridi inalala chini, ukisimama juu kidogo ukaangalia mjini unaona utandu wa kijivu umetanda haupandi wala hausogei mpaka jua likolee. Kila gari moja inayotema inaongeza kwenye utandu huo.

Sheria tunazo. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, zinagusa mpaka moshi wa magari. Ila mi gari yangu imekaguliwa ikiwa na kile kisanduku ndani, ikaangaliwa taa, breki, tairi, kioo, kizima moto, pembetatu, nikabandikiwa stika nikaondoka, na wakati naondoka imetema wingu palepale mbele ya waliokagua, hakuna aliyeniita nirudi. Simlaumu mtu mmoja, nadhani haikuwa kwenye orodha yao na kifaa cha kupimia hawakuwa nacho.

Na hata kifaa kikija naomba wahusika walijue hili. Wenzetu kama Uingereza wanapima moshi wa dizeli gari ikiwa imesimama, nyutro, unapiga resi ghafla mara kadhaa kifaa kinasoma weusi. Ni kipimo kizuri, kitakamata wengi, tukianza na hicho tu nitashukuru. Ila kisanduku kama changu unakichomoa kwa dakika mbili, unarudisha soketi ya kiwandani, unapita ukaguzi, ukitoka geti la nje unakirudisha. Na gari ya manyuo ambayo imesimama huwezi kujua inafanyaje ikibadilisha gia mlimani na tani moja mgongoni. Ushauri wangu ni kwamba trafiki wasimame pia kwenye vilima vyenyewe, Igawilo, Iwambi, pale ambapo kila dereva lazima abadilishe gia, waangalie kwa macho tu. Moshi wa turbo wa nusu sekunde unaopotea huo uachwe, gari nyingi za zamani zina huo. Unaoendelea kumwagika mpaka mwisho wa kilima hata injini ikiwa imeshapanda, huyo asimamishwe afungue boneti. Ikiwa ni eya klina imeziba na vumbi, na huku barabara za mashambani vumbi ni balaa, aambiwe akabadilishe, hiyo ni sababu ya kawaida kabisa na inatibika kwa hela ndogo. Ikiwa pampu imefunguliwa au kuna kisanduku, apewe siku za kurekebisha arudi kuonyesha. Nasema apewe siku kwa sababu wengi wetu tulifanya kwa kutojua, gari ndio inalisha nyumba, ukiifungia leo watoto hawali kesho.

Mi kisanduku nilikitoa wiki ileile ya Igawilo. Bomba tupu bado ninalo kwa sababu masega yangu fundi alishayauza, hilo linanikera mpaka leo na nadunduliza hela ya kupata mengine. Gari imerudi kuwa nzito kiasi, sikatai. Lakini nimejifunza kuiendesha. Sishuki chini ya mizunguko 1,600 nikiwa na mzigo, nashusha gia mapema kabla haijaelemewa badala ya kusubiri ilie, na nikishaachia klachi nakanyaga taratibu nahesabu moja, mbili, nasikia turbo inaimba ndipo naongeza. Eya klina naipuliza kila wiki na kuibadilisha ikichoka. Napandisha Isyonje na tani ileile nachelewa kama dakika nne tu kuliko zamani, nimepima kwa saa ya simu zaidi ya mara moja, na mafuta naona yanakaa. Shemeji naye baada ya kutengeneza amefunga rejeta ya kupoza mafuta ya gia boksi, kisanduku ametoa, na akiingia Kitonga haiachi kwenye D, anashusha mwenyewe kwenye gia ndogo injini ikae juu konveta isiteleze sana. Hatubishani tena.

Yule mama wa vitumbua nilirudi kwake siku ya tatu kumlipa unga wake. Alikataa hela, akasema nimlipie yule binti sabuni. Nikampa ya sabuni ya watoto wote wanaopita pale, akaniambia "ndaga", yani asante kwa Kinyakyusa, na tangu siku hiyo nikipanda huwa namwona anaangalia eksozi yangu kwanza kabla hajanipungia mkono.

Ombi langu la mwisho kwako Mhariri ni hili. Kama kuna fundi wa pampu au chuo chochote hapa Mbeya au Iringa chenye mashine ya kupima moshi wa dizeli, wajitokeze kupitia ukurasa huu watuambie wapo wapi na bei gani. Nimetafuta Soweto, nimetafuta Mafiati, nimeuliza mpaka Makambako sijapata. Gari yangu naitoa ipimwe ya kwanza, na ya shem ya pili, oto na manyuo, injini ileile, kwenye kilima kilekile.

Wako,
Dereva wa pikapu, Uyole, Mbeya